Damu ya Mama Haikupanda Angani

Jumapili, mwezi tano Mfunguo Mosi. Ansab, Maskati.

Leo joto limelegea. Upepo mdogo unatoka upande wa milimani na majirani wamefungua madirisha kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Watoto wao bado wamevaa nguo za Idi. Mimi nimo ndani ya dira la jana, nywele sijachana, na chai niliyomimina baada ya sala ya alasiri imepoa hapa kando ya kompyuta. Simu ya nyumba nimeishika kwa ajili ya intaneti, na nimefurahi, maana anayenitafuta nyumbani hatanipata.

Sina la kujivunia leo. Nimekuja kukiri.

Ukurasa wangu huu wa intaneti una wasomaji saba, na wawili kati yao ni binamu zangu walioko Dubai ambao wanakuja kunicheka. Kwa hao watano wengine nitaeleza tangu mwanzo. Nafanya kazi katika maabara ya damu hapa Maskati. Mama yangu anaumwa ugonjwa wa damu. Watu wakisikia hayo mawili kwa pamoja huniambia nina bahati, mgonjwa nyumbani na mtaalamu nyumbani. Zamani nilikuwa nikiitikia kwa adabu. Siku hizi nabadilisha mazungumzo.

Mama anaishi Amerat, nyuma ya milima, kwenye nyumba ya kaka yangu Khalfan. Ana miaka sitini na minane, aliondoka Unguja akiwa na mimba ya Khalfan, na tangu nimjue hana rangi. Viganja vyake ni vyeupe kama karatasi ya daftari. Akipanda ngazi nne, hukaa. Mama yake naye alikuwa hivyo, na dada yake, khalati Salma, alikuwa hivyo. Wala hakuna aliyesema kwamba wanaumwa. Walisema ni wavivu. Bibi alisimangwa na mama mkwe wake mpaka akaingia kaburini. Khalati Salma aliachwa, na mumewe alisema mbele ya wazee waliokuja kusuluhisha kwamba yeye alioa mke, hakuoa mto wa kulalia. Mama alikuwa msichana, yuko nyuma ya pazia na sinia ya kahawa mkononi, akasikia.

Kwa hiyo Mama haombi kupona. Ameniambia mara nyingi, kwa sauti ile ile anayoniagizia ndimu: "Mie nnataka jina tu. Nijue wenzangu wamekufa na nini. Uvivu hauui mtu."

Jina ndilo nimeshindwa kumpa.

Nieleze kidogo, na anayejua zaidi yangu anisamehe. Damu ni nyekundu kwa sababu ya protini moja inayobeba hewa. Katika damu ya Mama protini hiyo haiko sawa. Naamini zimo za aina mbili, moja ya kawaida na moja mbovu inayovunjika kabla ya wakati wake, lakini zimefanana mno. Sisi hutenganisha protini kwa umeme. Unazitia katika majimaji, unapitisha umeme, na kila moja inakwenda kwa mwendo wake mpaka zinaachana. Za Mama haziachani. Nimejaribu miaka mitatu. Nimebadilisha chumvi, nimepunguza umeme, nimekaa kwenye chumba cha baridi mpaka vidole vikafa ganzi, na kila mara unatoka mstari mmoja mnene, umevurugika pembeni. Nikiutazama mstari ule najua kwamba ndani yake mna wawili. Kujua si kuona. Vipimo vya jeni nimevipeleka nje mara mbili, na mara mbili vimerudi na jibu kwamba hawajaona kitu cha kueleza.

Tatizo moja ni la dunia yenyewe. Umeme ukipita katika maji unayapasha moto, maji ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka, na kile ulichokwisha kukitenganisha kinakorogwa tena. Huko juu, mahali ambapo kitu hakina uzito, maji ya moto hayapandi. Protini zinakwenda zenyewe kwa utulivu, hakuna kinachokoroga wala kinachozama. Nilipomweleza Mama haya tulikuwa jikoni, sufuria iko motoni. Aliitazama sufuria, kisha akanitazama mimi.

"Basi huko mtu akitaka chai afanyeje?"

Nikasema sijui. Akasema, wataalamu gani hao wasojua chai.

Mwaka jana profesa mmoja wa ng'ambo, mwanamke ambaye sijamwona uso, namjua kwa barua za kompyuta tu, aliniandikia. Alikuwa amesikia habari za mstari wangu mnene. Kuna chombo kitakachopanda angani, akasema, na ndani yake kifaa kidogo cha kutenganisha protini kwa umeme, na katika kifaa hicho imebaki nafasi moja. Vichupa vinne, matone machache kila kimoja. Ikiwa protini yangu itasafishwa vizuri na ikamfikia imeganda, itapanda. Hakuniahidi kitu. Alisema wazi kwamba hata huko juu huenda zisiachane.

Nililia pale pale mezani kazini. Mwenzangu akadhani nimefiwa, akaanza kukusanya mkoba wake ili anipeleke nyumbani.

Nilimtoa Mama damu mwanzo wa Rajabu. Alitia sahihi karatasi ya ruhusa kwa herufi za Kiarabu, pole pole, akauliza kama na yeye atahesabiwa miongoni mwa waliokwenda. Nikamwambia atahesabiwa. Wiki mbili baadaye moyo wake ukaanza kuchoka, na madaktari wakaamua aanze kutiwa damu, kila wiki ya tatu. Mpaka leo ametiwa mara nne. Imemsaidia mno. Sasa anapanda ngazi zote za nyumba ya Khalfan kwa mkupuo mmoja, kisha analalamika akifika juu.

Lakini maana yake ni kwamba mishipani mwake sasa mna damu ya watu imechanganyika na yake. Nikimtoa leo, sitajua ipi ni ipi. Mimi na Khalfan tumejipima, mistari yetu ni myembamba, ugonjwa huo hatuna. Bibi na khalati Salma wamekwisha kufa. Damu ile ya Rajabu, ndani ya friji ya baridi kali kazini, ndiyo iliyokuwa imebaki duniani.

Niliisafisha Ramadhani nzima. Unaziosha chembe nyekundu, unazipasua, unaondoa uchafu, kisha unaipitisha kwenye bomba la kioo lililojaa punje ndogo ndogo ambazo hushika baadhi ya protini na kuziachia nyingine zipite. Unangoja. Tone, tone, tone. Kila siku nilitoka na kidogo zaidi kilicho safi na kidogo zaidi kilichopotea, maana kila unaposafisha unapoteza. Mwisho nilibaki na vichupa vinne na mabaki ambayo hayakutosha kujaza kofia ya kalamu.

Nilitakiwa kuvipeleka kwenye kampuni ya mizigo, uwanja wa ndege, mwezi ishirini na nane. Vilikuwa tayari. Nataka niliandike hili bila kujitetea: vilikuwa tayari. Lakini nilipopima mara ya mwisho niliona doa hafifu la protini nyingine, kitu ambacho pengine hata profesa asingekijali, na nikataka kuvipitisha kwenye bomba mara moja zaidi. Siku moja tu. Nikapiga hesabu. Nikipeleka mwezi ishirini na tisa, karatasi ya kutolea damu nje ya nchi itagongwa mhuri mwezi thelathini asubuhi, siku hiyo hiyo ndege, na kesho yake profesa ana kisanduku mkononi, siku mbili kabla mlango wa chombo haujafungwa.

Hesabu yote ilisimama juu ya mwezi thelathini. Na Ramadhani haina mwezi thelathini mpaka watu watazame juu na wasione kitu.

Hili nalijua. Nimezaliwa ndani yake. Kila mwaka tunafika siku ya ishirini na tisa tunapika bila kujua kama kesho tunafunga au tunakula. Mgeni angeona neno "huenda" kwenye kalenda akaogopa, akapeleka mzigo wake wiki nzima kabla. Mimi nilifanya tunavyofanya nyumbani kwetu. Nilimpigia simu Mama.

Mama ana hesabu zake za mwezi, amezirithi kwa baba yake, na kwetu hakuna anayezibishia. Khalfan huomba likizo kazini kwa hesabu za Mama. Wifi yangu huroweka mchele kwa hesabu za Mama.

"Hauonekani," alisema. "Shaabani ilipungua, na mwezi haupungui mara mbili kwa kufuatana. Mtafunga thelathini. Fanya kazi yako, mwanangu."

Miezi hupungua, ikaishia siku ya ishirini na tisa, mara mbili kwa kufuatana. Hupungua hata mara tatu. Mtu yeyote mwenye kalenda za miaka ya nyuma anaweza kuthibitisha hilo kwa dakika kumi, na kazi inayonilisha ni ya kuthibitisha mambo. Sikuthibitisha, kwa sababu jibu la Mama lilinipa ile siku niliyoitaka.

Jumanne, mwezi ishirini na tisa, nilifika kaunta ya mizigo saa saba mchana na kisanduku cheupe. Ndani mlikuwa na barafu kavu, ile inayotoa moshi badala ya kuyeyuka maji. Afisa wa mihuri alikuwa ameshaondoka, saa za Ramadhani. Karani wa kampuni, bwana wa makamo, Muomani aliyekulia Bujumbura, alikipokea kisanduku, akakibandika karatasi zake, akaniambia, "Dada, kesho tukifunga, tupo, utagongewa mhuri saa mbili. Tukila, hatupo mpaka Jumamosi."

Nikamwambia kwa mama yangu hatuli mpaka Alhamisi. Akacheka. Nikacheka naye.

Ningeweza kukirudisha kisanduku kazini. Chombo kingenipita, lakini damu ingebaki kwenye friji, ikangoja. Nililifikiria hilo kwa muda wa kufunga mkanda wa gari.

Jioni nilikuwa Amerat kwa futari. Televisheni ilikuwa wazi sebuleni na hakuna aliyekuwa akiitazama. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji tangazo lilipotoka. Umeonekana. Watoto wa Khalfan wakakimbia nje, wifi akakimbilia jikoni, simu zikaanza. Mama akasema, "Haya, umeandama," kama mtu aliyetabiri kwamba mvua hainyeshi, ikanyesha, akauliza nyama imekatwa au bado.

Nilikaa na lile bakuli mpaka uji ukafanya ngozi. Nilimpigia karani, simu imefungwa. Nilipiga kampuni, ikaita na kuita. Nilikuwa nimezungukwa na watu wanaopeana heri, na sikuwa na hata mmoja wa kumwambia, kwa sababu wa kwanza kunisikia angekuwa Mama.

Asubuhi ya Idi nilipeana mikono na kila mtu, nikagawa halua na kahawa, nikasema yote yanayosemwa. Kisha nikamdanganya Khalfan kwamba naenda kumsalimia mwalimu wangu wa zamani. Nikapitia kazini, nikachukua kilo tano za barafu kavu, nikaendesha mpaka uwanja wa ndege na hina mikononi.

Ofisi ya mizigo ina kioo mbele. Kisanduku changu kilikuwa pale, rafu ya pili, na moshi mwembamba ukitoka kwenye kifuniko. Nakumbuka nilifurahi kuuona ule moshi. Mlinzi alikuwa mzee wa Kihindi, peke yake, akanisikiliza kwa subira, Kiarabu chake kibovu na changu cha mbio. Hana ufunguo. Mwenye ufunguo yuko Salala kwa wazee wake. Tena pale ndani ni mahali pa forodha, mtu akigusa kufuli anafungwa. Nikamwonyesha barafu yangu. Nikamwambia sitaki anipe kitu, nataka kutia tu. Alitazama kufuli, akatazama hina yangu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Zilikuwa hatua nne kati ya barafu na kisanduku. Alichoweza kunifanyia ni kuniletea kiti, nami nikakaa juu ya kiti kile na nguo zangu za Idi, mbele ya kioo, mpaka adhana ya adhuhuri.

Alhamisi nilikwenda tena. Moshi ulikuwa kidogo sana, ilibidi nishike mikono pembeni ya macho ndipo niuone.

Ijumaa haukuwapo.

Na niseme jambo la aibu. Ijumaa hiyo hiyo, nilipotoka kule, Khalfan na wenzake walikuwa wanafukua shuwa, ile nyama iliyofukiwa shimoni na makaa tangu juzi yake. Harufu ilienea mtaa mzima. Mama alinichagulia kipande cha kwenye mfupa, akasema nimekonda, Ramadhani imenila. Nami nilikula. Nilikula mpaka nikaomba kingine.

Jana Jumamosi walifungua. Karani aliponiona usoni aliacha salamu za Idi katikati. Nilikifungua kisanduku pale pale juu ya kaunta, naye akasogea pembeni kuniachia nafasi. Barafu ilikuwa imekwisha hata vumbi lake. Protini ile ikiwa nzima ni nyekundu, nyekundu nzuri, na ikikaa joto inageuka. Vichupa vyote vinne vilikuwa na rangi ya ukwaju.

"Haifai tena?" aliuliza.

Nikasema haifai. Akasema pole kwa sauti ya mtu aliyeambiwa habari za maiti, na nadhani alielewa hivyo, kwa sababu kwenye karatasi iliandikwa "damu ya binadamu".

Nilimwandikia profesa. Alijibu upesi, na alikuwa mpole. Afadhali angenigombeza. Chombo kitapanda leo hii, bila ya Mama. Kuna safari nyingine, akasema, baada ya kama miezi mitano, na anaweza kuniwekea nafasi ile ile. Mwisho akauliza: je, unaweza kupata damu mpya?

Leo asubuhi nikaenda Amerat. Njia nzima, kwenye zile kona za mlimani, nilikuwa nafanya mazoezi ya kumlaumu. Nilikuwa na maneno yamepangwa. Mama, ni wewe uliyesema hauonekani. Mama, hesabu za babu si elimu. Niliyasema kwa sauti garini, mara mbili, na mara ya pili nilipaza sauti. Nilipofika alikuwa barazani na ungo wa mchele mapajani, miwani puani, na mashavuni ana rangi ambayo sikuwahi kuiona nilipokuwa mtoto. Rangi ya watu wengine, lakini imemkaa vizuri. Sikuweza.

Nikamwambia imeharibika. Nikataja barafu, forodha, sikukuu. Mwezi sikuutaja.

Aliendelea kuchambua mchele. "Mie ndo nlokwambia hauonekani," alisema.

Nikamwambia hapana, Mama, mimi nilichelewesha siku moja, ingekwenda kabla. Na huo ndio ukweli. Lakini alikuwa ameshaubeba mzigo, naye akibeba kitu hapokonyeki. Akauliza kama hawezi kutoa damu nyingine. Nikamweleza ya kuchanganyika. Alifikiri kidogo, akasema, "Ndo maana siku hizi nnapenda pilipili. Wamenitia Mhindi." Tukacheka sote wawili mpaka akavua miwani kujifuta macho, na nilidhani tumevuka.

Kisha akauweka ungo chini.

"Na nikikataa kutiwa," alisema, "hiyo ya watu itanitoka lini?"

Daktari wake hakuwapo pale. Khalfan hakuwapo. Aliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesomeshwa mambo haya, na alinisomesha yeye, kwa cherehani, usiku na mchana, akikaa kila ngazi nne. Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema haitoki tena. Ningeweza kusema sijui, neno ambalo nimemwambia kwa miaka mitatu na angeniamini. Ningeweza kusema moyo wako hautafika huko, Mama, na hilo huenda ndilo lililo kweli, kwa sababu moyo umetanuka, picha yake nimeiona kwa macho yangu.

Nilisema miezi mitatu, pengine minne.

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, Mfunguo Nne. Kesho saa mbili ndiyo zamu yake ya kutiwa damu. Akaniambia nimwambie Khalfan asihangaike na gari.

"Nimekaa miaka sitini na saba sina damu ya mtu," alisema. "Miezi mine ndo itanshinda?"

Nikamwambia Mama usifanye mchezo. Nikamwambia ni khatari, nikamtajia moyo, nikamtajia wajukuu. Nilisema yote ambayo mtoto anapaswa kusema, na sauti yangu ilitoka sawasawa. Akanisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari, huku mkono umerudi kwenye mchele. Nikamwambia jina halina thamani ya roho yake. Akasema, "We hukumwona Salma akifunga nguo zake."

Nimerudi nyumbani sina la kufanya. Nikimwambia daktari wake, atamwita na kumsomea khatari zote, naye ataitika "inshallah" na hatakwenda. Nikimwambia Khalfan, atapiga kelele, na Mama hajawahi kushindwa na kelele za Khalfan. Hawezi kulazimishwa kupanda gari. Ni mtu mzima mwenye akili timamu anayetaka kitu kimoja tu duniani, na njia ya kukipata nimemwonyesha mimi.

Hapo ndipo penye la kukiri. Nimezunguka kurasa zote hizi kulikimbia.

Kati ya yeye kuhesabu vidole na mimi kusema khatari, kuna maneno yangu niliyoyaruka. Hakuniuliza kama kuna safari nyingine. Hakujua hata kama ipo. Angeweza kuhesabu miezi yake minne, akakuta mbele yake hakuna kitu, akauokota ungo, na kesho akapanda gari.

Nilimwambia mwenyewe. Miezi mitano, nilimwambia. Wametuwekea nafasi.

Sikuteleza ulimi. Nataka niwe mkweli angalau hapa. Nilijua ninachokisema na nilijua ninamwambia nani. Nalitaka jina lile, nalitaka kwa namna inayonitisha, na tangu mchana najiuliza nalitaka kwa ajili ya nani. Kwa ajili ya Mama. Kwa ajili ya bibi na khalati Salma, ambao hawatalisikia. Au kwa sababu mstari ule mnene umenishinda mimi, miaka mitatu, na nimeona njia ya kuushinda ambayo inapita mwilini mwa mtu mwingine.

Nimempigia Khalfan kwa simu ya mkononi, nimemwambia kesho nitampeleka Mama mimi mwenyewe. Hakuuliza kwa nini. Alifurahi, ana kazi nyingi.

Saa moja na nusu nitakuwa mlangoni Amerat, mlango wa gari uko wazi. Nitamwambia Mama panda twende. Hatabishana nami. Ataniangalia usoni kwanza, aone kama nataka kweli apande. Sijui ataona nini.